Ayahuasca: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hatari zake na wajibu wa kila anayehusika

Mimi ni mfamasia. Kazi nilianzia Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa nipo katika duka la dawa nchini Uholanzi. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na Waswahili wenzangu wanaoishi Ulaya na Amerika, kwa simu, kwa sauti za WhatsApp, hata msibani mtu akinivuta pembeni. Karibu yote huanza hivi: "Kuna mahali nimealikwa..." Namna ya kupika ayahuasca, kinywaji cha maruweruwe cha Amazon, sitaieleza. Kama unatumia dawa yoyote ya hospitali, anza na swali la 5. Kama kuna mtu amezidiwa sasa hivi, nenda swali la 23.

## Mambo ya msingi

1. Ayahuasca ni nini hasa?

Ni kinywaji cha watu wa msitu wa Amazon. Huchemshwa kwa saa nyingi kutokana na mimea miwili: mti unaotambaa na kujisokota kama kamba, *Banisteriopsis caapi*, na majani ya kichaka kiitwacho chacruna, *Psychotria viridis*, ambacho ni wa ukoo mmoja na mbuni wa kahawa. Kinachopatikana ni maji mazito ya rangi ya kahawia, machungu sana. Jina ni la Kikechua: *aya* ni roho au mfu, *waska* ni kamba. Kolombia wanakiita yagé, na huko mara nyingi hutumia majani ya mmea mwingine, chaliponga. Waumini wa Santo Daime wa Brazil wanakiita Daime.

Si pombe na si bangi. Kwa Washipibo wa mto Ucayali, Peru, ni chombo cha mganga kwanza. Kazi ya mganga ni kuona ugonjwa na kuimba nyimbo za kuutoa, na zamani mara nyingi aliyekunywa alikuwa mganga mwenyewe, si mgonjwa. Mtindo wa kugawia chumba kizima cha wageni ni wa juzi tu.

2. Inafanyaje kazi mwilini?

Majani ya chacruna yana DMT, kemikali inayoleta maruweruwe. Ukiyala majani hayo peke yake hupati kitu, kwa sababu kwenye utumbo na ini kuna kimeng'enya kiitwacho MAO kinachoivunja DMT kabla haijafika kwenye ubongo. Mwite bawabu. Ule mti-kamba una harmini na harmalini, ambazo humlaza bawabu huyo usingizi kwa saa kadhaa, na DMT ikapita.

Sasa, bawabu huyo hakuwekwa kwa ajili ya DMT tu. Yeye pia ndiye anayeivunja serotonini na kemikali nyingine kadhaa za mwili, na ndiye anayezuia baadhi ya vitu vya kwenye chakula na dawa visiingie kwenye damu kwa wingi. Akilala, mlango uko wazi kwa vyote. Ukilielewa hili, majibu ya swali la 5 hadi la 9 utaweza kuyakisia mwenyewe.

3. Usiku wenyewe unakwendaje?

Watu hulala kwenye magodoro yaliyopangwa kuzunguka chumba, taa huzimwa, kila mmoja hupewa kikombe kidogo na ndoo. Kiongozi huimba, Peru nyimbo hizo huitwa icaros. Ndani ya nusu saa hadi saa moja mambo huanza, na hudumu saa nne hadi sita. Watu huona maumbo na rangi, huwaona marehemu wao, hulia, huogopa hasa, na wapo wanaopata utulivu ambao hawajawahi kuujua.

Dada mmoja wa Tanga alinisimulia usiku wake. Kitu alichokikumbuka kuliko maono yote ni ndoo, ya plastiki, ya buluu, kama ya kufulia. Aliikumbatia mpaka alfajiri huku akimsikiliza mwanamke wa godoro la pili akimwita mama yake kwa sauti ya mtoto. Alitaka kumshika mkono, akaambiwa haruhusiwi.

4. Wanasema kutapika ni kutoa uchafu. Ni kweli?

Kwa wenyeji, kutapika ni sehemu ya tiba, na kinywaji chenyewe hukiita *la purga*. Sina sababu ya kuwabishia maana wanayoipa. Kwa upande wangu naweza kusema kwamba serotonini ikizidi tumboni mtu hutapika na huharisha, na hilo lina hatari zake: mwili kukaukiwa maji, chumvi za mwili kuvurugika, na mtu aliyelala chali akipaliwa na matapishi. Mgonjwa wa figo au moyo, na yule anayemeza dawa za kupunguza maji mwilini, hali yake ni nzito zaidi.

## Dawa na maradhi

5. Natumia vidonge vya sonona. Naweza kunywa?

Hapana. Hili nalisema bila kuzungusha.

Vidonge vingi vya sonona na wasiwasi (fluoxetine, sertraline, citalopram, paroxetine, venlafaxine na wenzao) hufanya serotonini ikae muda mrefu zaidi kati ya neva na neva. Ayahuasca humlaza bawabu anayeivunja hiyo serotonini. Vikikutana, serotonini hupanda bila kizuizi. Dalili zake ni kutetemeka, jasho jingi, moyo kwenda mbio, misuli kukakamaa hasa miguuni, kuchanganyikiwa, na homa inayopanda. Hali hiyo inaweza kuua.

Ugumu ni kwamba nusu ya dalili hizo zinafanana na usiku wa kawaida wa ayahuasca. Chumbani gizani mtu akitokwa jasho na kutetemeka, jirani yake hudhani "anafanya kazi na dawa", kumbe mwenzake anaungua. Kwa hiyo swali la vidonge huulizwa kabla ya kikombe. Wakati wa kuliuliza baadaye haupo.

6. Basi nikiviacha wiki mbili kabla?

Usiviache peke yako. Kwanza, muda haulingani: fluoxetine inaweza kubaki mwilini hata wiki tano baada ya kidonge cha mwisho. Pili, kuacha ghafla huleta kizunguzungu, kukosa usingizi na hofu, na sonona yenyewe inaweza kurudi na nguvu mpya. Mtu huyo ndiye anayekwenda kunywa kinywaji kinachofumua akili usiku mzima, ugenini. Hiyo ni hatari mbili kwa mpigo.

Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka Samunge, Loliondo, mwaka 2011. Kikombe cha mitishamba cha shilingi 500, foleni ya magari isiyoonekana mwisho, na ndani ya foleni hiyo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali. Kinywaji kile hakikuwa cha maruweruwe na sikifananishi na hiki. Nakikumbusha kwa jambo moja: mara nyingi kinachomuumiza mgonjwa ni dawa aliyoiacha nyumbani. Kama unataka kuacha vidonge kwa sababu yoyote ile, mwambie daktari aliyekuandikia, na umwambie sababu ya kweli.

7. Dawa gani nyingine zinagongana nayo?

Orodha ni ndefu kuliko hii, lakini hizi ndizo ninazokutana nazo:

- Tramadol na pethidine, dawa za maumivu. Tramadol imezagaa mno kwetu, na watu hawaihesabu kama dawa.
- Dawa za kikohozi zenye dextromethorphan, na za mafua zenye pseudoephedrine. Hizi hununuliwa bila cheti, kwa hiyo fomu ikiuliza "unatumia dawa?" mtu anajibu hapana.
- Linezolid, inayotumika kwa kifua kikuu sugu. Yenyewe inamlaza bawabu yuleyule.
- Lithium, ya wagonjwa wa baipola. Ikikutana na vitu vya maruweruwe imewahi kuleta degedege.
- Dawa za watoto na watu wazima wasiotulia, za jamii ya amfetamini, pamoja na ekstasi na kokeini.
- Mmea uitwao St John's wort, unaouzwa Ulaya kwenye maduka ya vyakula vya asili. Kuwa mmea si kuwa salama.

Chukua paketi zako zote, hata za vitamini, mpelekee mfamasia. Hatukushtaki. Kazi yetu ni hiyo.

8. Kituo kimenipa orodha ndefu ya vyakula vya kuacha. Wanaonekana makini. Inatosha?

Siku moja dada mmoja alikuja dukani kuchukua dawa yake ya kila mwezi. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne: asile nguruwe, jibini la kukaa, mchuzi wa soya, pilipili, asikutane na mumewe wiki mbili. Alitaka kujua kama pilau aliyoila Ijumaa ilikuwa imeharibu mfungo. Nilikuwa nimeshika boksi lake la sertraline mkononi. Nikaisoma karatasi mbele na nyuma. Neno "vidonge" halikuwamo.

Vyakula vilivyochacha au kukaa muda mrefu vina tairamini, ambayo bawabu akilala inaweza kupandisha presha. Kwa ayahuasca hatari hiyo ni ndogo kuliko ilivyokuwa kwa vidonge vya zamani vya kuzuia MAO, kwa kuwa harmini huisha nguvu baada ya saa kadhaa. Mfungo wa waganga, *dieta*, nao una maana yake ya kiroho, na mgeni aufuate kwa heshima. Lakini karatasi inayouliza kuhusu jibini na isiulize kuhusu sertraline, mwandishi wake aliinakili bila kuielewa.

9. Ni nani asinywe kabisa?

Mwenye skizofrenia, baipola, au aliyewahi kurukwa na akili hata mara moja. Na mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye maradhi hayo. Kwetu maradhi hayo hufichwa kwa kusema "alipandisha", "alirogwa", "alisoma sana akachanganyikiwa". Muulize shangazi yako kwa upole, kwa sababu jibu lake lina uzito hapa. Wengine ni mgonjwa wa moyo, mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye kifafa, mjamzito, anayenyonyesha, na mtoto.

10. Inatibu sonona kweli?

Kuna dalili za matumaini, na si haki kuzikana. Huko Natal, Brazil, watafiti waliwapa wagonjwa 29 wa sonona sugu dozi moja, wengine ayahuasca na wengine kinywaji cha kuigiza. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Baada ya siku saba, asilimia 64 ya waliokunywa ayahuasca walikuwa wamepata nafuu kubwa, dhidi ya asilimia 27 ya wenzao.

Tazama mazingira yake, lakini. Ni watu 29. Walichujwa kwanza, walikuwa wameachishwa vidonge chini ya madaktari, na walikunywa hospitalini huku wakiangaliwa. Anayekualika nyumba ya kukodi nje ya mji hukupa kikombe tu. Ule uangalizi hana.

11. Wanaodhurika ni wengi?

Utafiti mkubwa niujuao ni wa dodoso lililojibiwa na watu 10,836 kutoka nchi zaidi ya 50, ukachapishwa mwaka 2022. Karibu asilimia 70 walipata madhara ya mwili, mengi yakiwa kutapika, asilimia 2.3 walihitaji msaada wa kitabibu. Asilimia 55.9 walipata misukosuko ya akili katika wiki au miezi iliyofuata, ingawa wengi wao, karibu asilimia 88, waliiona kuwa sehemu ya kupona. Kama asilimia 12 ya waliopata misukosuko hiyo walitafuta mtaalamu.

Kumbuka waliojibu ni walio hai na wenye hamu ya kusimulia. Hata hivyo, zile asilimia 12 nataka kila anayealikwa azisikie kabla hajalipa.

## Vinavyochanganywa na vinavyofanana

12. Toé ni nini? Ndiyo mnanaha wetu?

Ni binamu yake. Toé ni *Brugmansia*, ile miti ya maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo katika nyanda za juu za Kenya na Tanzania hupandwa kama ua wa nyumba. Ni wa ukoo mmoja na mnanaha, na ina sumu ileile, skopolamini. Wapishi wengine huongeza majani yake kwenye chungu ili mgeni "aone zaidi".

Anachokiona si maono ya ayahuasca. Mdomo unakauka, mboni zinatanuka, moyo unakimbia, mtu anazungumza na watu wasiokuwepo na anaweza kutoka nje akatembea hadi mtoni bila kujua. Kwetu wezi wamewahi kulewesha watu kwa mnanaha, na wazee wanajua hali hiyo. Uliza waziwazi: "Kuna toé ndani?" Mpishi akikwepa, jibu umeshalipata.

13. Kabla ya kikombe kuna maji ya tumbaku, na sumu ya chura. Ni lazima?

Si lazima, na hapa pameshapotea maisha. Maji ya tumbaku hunywewa ili kutapisha; yana nikotini nyingi ambayo ikizidi hulemaza pumzi. Kambo ni utomvu wa chura wa miti, *Phyllomedusa bicolor*, unaopakwa kwenye ngozi iliyochomwa. Hauna uhusiano na ayahuasca ila vituo vya wageni huviuza pamoja. Kwa kambo watu huambiwa wanywe maji lita baada ya lita. Maji yakizidi, chumvi ya damu hushuka, ubongo unavimba. Mwili hauhitaji misukosuko mitatu kwa siku mbili.

14. Mama yangu Muscat anafukiza harmal. Nimesikia ni kitu kilekile.

Kuna ukweli ndani yake. Harmalini ilipewa jina kutokana na *Peganum harmala*, na mbegu zake zina kemikali zilezile za mti-kamba. Kuna watu Ulaya wanaozitumia badala yake. Kufukiza kidogo nyumbani ni jambo moja, kuzila au kuzinywa ni jingine kabisa: maonyo yote ya swali la 5 na la 7 yanahusika.

Na jihadhari na jina. Oman na Emirates, mmea unaoitwa harmal mara nyingi ni *Rhazya stricta*, wa ukoo tofauti na wenye sumu yake. Mtu anayesoma maelekezo ya mtandaoni kuhusu harmal akaenda kununua kwa jina hilo sokoni anaweza kurudi na mmea mwingine.

15. Na iboga ya Gabon?

Ni mzizi wa Afrika, *Tabernanthe iboga*, wa ibada ya Bwiti. Unafanya kazi tofauti na hatari yake kubwa ni moyo: ibogaini huvuruga mpigo wa umeme wa moyo, na watu wamefariki, hasa waliokuwa na maradhi ya moyo au waliotumia methadone. Usidhani aliyevumilia ayahuasca ataivumilia iboga.

## Wanaogawa na wanaokunywa

16. Nitamjuaje mganga wa kuaminika?

Sitazami manyoya kichwani wala ukoo anaoutaja. Natazama maswali. Anauliza unatumia dawa gani, umewahi kulazwa, nyumbani kuna mgonjwa wa akili? Akisikia "sertraline", anakukatalia na kurudisha pesa? Anataja kilichomo chunguni? Ana wasaidizi wasiokunywa usiku huo? Hospitali iko dakika ngapi, na gari ipo?

Brazil, ambako kinywaji hiki kinaruhusiwa kwa ibada, kanuni za mwaka 2010 zinataka mgeni ahojiwe kabla ya kunywa mara ya kwanza, zinakataza biashara na matangazo, na zinataka wenye historia ya maradhi ya akili wasipewe. Waganga wa yagé wa Kolombia nao walikutana mwaka 1999, wakaunda umoja wao na kuandika kanuni zao za maadili, wakiwalalamikia wazi wanaojifanya waganga. Basi mtu akikuambia "dawa inajua yenyewe nani wa kumpokea, huna haja ya kuhojiwa", ujue hata wenye dawa hawasemi hivyo.

17. Kiongozi wa kilinge alinigusa nikiwa sijiwezi. Aliniambia ni sehemu ya tiba.

Si sehemu ya tiba. Ni unyanyasaji, na kosa si lako hata kama ulikwenda kwa hiari, hata kama ulilipa, hata kama kinywaji chenyewe ni haramu nchini humo. Mambo haya yameripotiwa mara nyingi, Amazon na Ulaya, na karibu daima maneno ni hayohayo: nishati, uponyaji, siri kati yetu.

Nenda hospitali mapema, ndani ya siku tatu kama inawezekana, kwa ajili ya kinga ya VVU, mimba na ushahidi. Mwambie mtu mmoja unayemwamini leo, si baadaye. Kwa wanaojiandaa kwenda: nenda na mwenzako asiyekunywa, na uulize mapema nani anaruhusiwa kumgusa nani, wapi, na kwa sababu gani.

18. Marafiki wanataka kufanyia nyumbani kwangu. Mimi nitafungua mlango tu. Nina wajibu?

Unao, na ni mzito. Ukifungua mlango, wewe ndiye mwenyeji, na kwa mila zetu mgeni akiwa chini ya dari yako ni amana. Sheria nayo inaweza kukuona hivyohivyo (swali la 20). Kama huwezi kuwauliza wageni wote maswali ya swali la 16, kama huna mtu mzima mwenye akili timamu usiku kucha, kama unaogopa kupiga simu ya dharura kwa sababu ya polisi, basi kataa. Hicho cha mwisho ndicho kikubwa. Mwaka 2012 kijana wa Kimarekani wa miaka 18 alifariki katika kituo kimoja cha Peru, na mwili wake ukazikwa kwa siri. Waliokuwepo waliogopa kuliko walivyojali.

19. Sisi wageni tunawadai nini wenye kinywaji?

Kubwa kuliko nauli ya boti. Mwaka 1986 Mmarekani mmoja alipewa hataza ya Marekani juu ya aina ya mti-kamba huu, kana kwamba ameugundua yeye. Mashirika ya wenyeji wa Amazon yalipinga. Hataza ikafutwa mwaka 1999, ikarudishwa mwaka 2001, ikaisha muda wake mwaka 2003. Peru ilitangaza maarifa ya ayahuasca kuwa urithi wa taifa mwaka 2008. Mti-kamba huchukua miaka kukomaa, na karibu na Iquitos, mji wa watalii, unatafutwa mbali zaidi kuliko zamani.

Aprili 2018, Olivia Arévalo, bibi mganga wa Washipibo mwenye miaka 81, alipigwa risasi nyumbani kwao Ucayali. Mkanada aliyekuwa amekwenda kujifunza ayahuasca alishukiwa, na watu wa hapo wakamuua. Nalisimulia hili kwa sababu tunapouliza usalama huwa tunauliza usalama wetu tu. Wenyeji nao wamefikiwa na wageni waliovurugika akili, wenye pesa, na wasioulizwa na mtu walikotoka.

## Sheria na dini

20. Ni halali?

DMT iko kwenye Jedwali la 1 la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu vitu vinavyoathiri akili. Mkataba wenyewe haukutaja mimea, na hapo nchi zimetofautiana. Peru na Brazil wanaruhusu, Brazil kwa ibada. Ufaransa ilipiga marufuku mwaka 2005, Italia mwaka 2022. Marekani ni marufuku kwa ujumla, ila Mahakama ya Juu mwaka 2006 iliwapa haki waumini wa União do Vegetal, dini nyingine ya Brazil inayokunywa ayahuasca. Hapa Uholanzi mahakama iliwaachia Santo Daime mwaka 2001, na Mahakama ya Juu ikaufunga mlango huo mwaka 2019. Bado nakutana na watu wanaoambiwa "Uholanzi ni ruksa". Si ruksa.

21. Naweza kurudi na chupa Dar, Nairobi au Dubai?

Usithubutu. Kwa afisa wa uwanja wa ndege hiyo ni kesi ya dawa za kulevya, na nchi za Ghuba adhabu zake ni kali mno. Usikubali pia kumbebea mtu "dawa ya mitishamba" usiyoijua.

22. Dini inasemaje?

Mimi si shehe wala mchungaji. Waumini wa Santo Daime, iliyoanzishwa Rio Branco karibu mwaka 1930 na Raimundo Irineu Serra, mtu mweusi wa kizazi cha watumwa aliyekuwa mgema mpira, husali sala za Kikristo na kunywa. Mwislamu atauliza kuhusu kinachofunika akili. Muulize mwalimu wako kwa jina lake, usimfiche kwa kuita "chai ya mitishamba".

## Dharura na baadaye

23. Mtu amezidiwa. Nifanye nini?

Piga simu ya dharura: Ulaya ni 112, Marekani na Kanada ni 911. Sema ukweli: alikunywa ayahuasca saa ngapi, anatumia vidonge gani, kuna kingine kilichochanganywa. Daktari asipojua anaweza kumpa dawa inayoongeza tatizo.

Wakati unasubiri, mlaze ubavu. Usimpe kitu mdomoni kama hajitambui. Mwili ukiwa wa moto, mpunguzie nguo na ufungue madirisha. Washa taa. Usimkandamize chini kwa nguvu isipokuwa anajidhuru. Kukakamaa misuli, homa, degedege, maumivu ya kifua au kutoitika akiitwa: hakuna wimbo wa kusubiri uishe.

24. Amerudi wiki moja iliyopita. Hapati usingizi, anaongea haraka, anasema amepewa ujumbe.

Usingoje ujumbe uishe. Mtu aliyekaa siku kadhaa bila usingizi, anayeona ishara kila mahali, au anayetaka kugawa mali na kuacha kazi ghafla, anahitaji daktari wa akili leo. Akisema anataka kufa, usimwache peke yake. Usibishane naye kuhusu maono. Zungumza naye kuhusu usingizi na chakula. Asirudishwe kwenye kilinge "kumalizia kazi".

Kama ni huzuni na ndoto tu, na anakula, analala, anakwenda kazini, mpe muda, na mshauri wa kuzungumza naye.

25. Kaka yangu ameshaamua, tiketi ameshakata. Nimzuieje?

Pengine huwezi. Ukimgombeza ataondoka bila kukuaga, na hapo hutajua hata kijiji alikokwenda. Mketishe, umwombe mambo matatu: akuandikie jina la mahali na namba ya simu, akuonyeshe orodha ya dawa zake zote, na mwende pamoja kwa mfamasia kabla ya safari. Mwambie aahidi kukupigia asubuhi yake, na mkubaliane saa. Isipoingia simu, wewe ndiye utakayepiga.